Chungu cha Siku ya Pili

Katika kata ya Baray, chini ya mteremko unaoshuka kutoka nyanda za juu za Karatu kuelekea Ziwa Eyasi, siku ya pili ya Krismasi haina kengele wala nguo mpya. Ni siku ya majivu jikoni, ya watoto wanaolala kupita saa zao, na ya sufuria kubwa ambayo, baada ya kupikiwa wali wa sikukuu, huoshwa ikarudishwa motoni mapema kuliko chombo kingine chochote cha nyumba. Desemba moja, nilipokuwa mgeni katika nyumba ya jamaa wa Kimbulu huko, nilimkuta mama mwenye nyumba alfajiri amechuchumaa kando ya mafiga, na mbele yake, ndani ya beseni, umelala mfupa wa paja la nguruwe aliyechinjwa tarehe 24, ambao jana yake ulikuwa umezungukwa na nyama na macho ya watu, na sasa umebaki na nyuzi chache zilizokauka karibu na goti. Aliugeuza mara mbili, akaupapasa kwa kidole gumba mpaka akapata pahala alipopataka, kisha akaulaza juu ya jiwe akaupiga kwa kisogo cha shoka. Ulivunjika kwa mlio mkavu, na ndani yake ukaonekana uloto, au uboho kama wasemavyo wengi, mweupe wenye wekundu kidogo, umeganda kwa ubaridi wa usiku.

Nilimwuliza, kwa wepesi wa mgeni aliyeshiba, "Mama, huu jana hatukuumaliza?"

Akanijibu pasipo kugeuka, "Jana tulikula nyama, mwanangu. Mfupa hatujaula bado."

Jibu hilo lilikaa nami siku nyingi, kwa sababu lilikuwa limetamka kwa maneno machache jambo ambalo vitabu vya upishi na vitabu vya historia, vyote viwili, hulipita kando: ya kuwa mchuzi wa mifupa una heshima yake na nasaba yake, na ya kuwa nasaba hiyo, ikifuatwa kinyumenyume katika nchi hii ya Karatu na Ngorongoro, haikomi kwa bibi wala kwa bibi wa bibi, bali huendelea kurudi nyuma kupita sufuria za bati, kupita vyungu vya udongo, kupita moto wenyewe, mpaka kwa viumbe ambao wataalamu wangali wakihojiana kama wanastahili kuitwa watu. Ni pahala pachache sana duniani ambapo mtu aweza kuondoka mbele ya sufuria ya supu na, kwa mwendo wa siku chache kwa miguu, kufika katika ardhi ambayo juu yake mifupa ilipigwa kwa mawe, kwa haja ileile, takriban miaka milioni 1.8 iliyopita.

Ardhi hiyo iko kaskazini ya Baray, ng'ambo ya mlima Oldeani na ukingo wa kreta ya Ngorongoro, katika korongo la Oldupai, ambalo lilipewa jina hilo na Wamaasai kwa ajili ya mkonge wa porini unaoota kandokando yake. Tarehe 17 Julai 1959, Mary Leakey, akitembea bila mumewe Louis ambaye siku ile alikuwa kambini mgonjwa, aliona mfupa umechomoza katika mteremko, na mfupa ule ukawa ni fuvu lililotangazwa ulimwenguni kwa jina la Zinjanthropus, jina ambalo nusu yake imetokana na Zinj, neno la kale ambalo wanajiografia wa Kiarabu walilitumia kuitaja pwani yetu ya mashariki. Dunia nzima ililitazama fuvu, na haki ilikuwa yake. Lakini palepale, katika tabaka lilelile la ardhi, palikuwa pametapakaa maelfu ya vipande vya mifupa ya wanyama, ya swala na ya wakubwa kuliko swala, vikiwa vimechanganyika na mawe yaliyochongwa. Na vipande hivyo, ambavyo havikupata picha katika magazeti, ndivyo vinavyohusu kisa chetu.

Ilipita miaka zaidi ya 20 kabla mifupa ile haijasomwa kama ilivyostahili kusomwa. Mwaka 1981 wataalamu walitoa habari kwamba juu ya mifupa ya Oldupai mna mikwaruzo ya mawe makali, alama za mkono uliokuwa ukichuna nyama. Na baadaye wengine wakabainisha alama za namna ya pili, vishimo na nyufa zinazoachwa na jiwe la kugongea pale linapoangushwa juu ya mfupa mrefu ili upasuke. Tangu hapo wamehojiana, na wangali wakihojiana, kama waliouvunja mfupa ule walikuwa wawindaji wenye kuangusha mawindo yao wenyewe, ama walikuwa wanyonge waliosubiri simba ashibe na kuondoka ndipo wasogee. Mimi si mtaalamu wa kuamua baina yao, ila naona kwamba katika upande wowote ushindi utakapoangukia mfupa haupotezi daraja yake. Wakiwa wawindaji, waliila nyama kisha wakauvunja mfupa. Wakiwa waokota masalia, basi mfupa ndio uliokuwa chakula chao cha kwanza, kwa maana simba hula nyama akaacha mfupa, fisi akichelewa hakuna mwenye taya za kuufungua, na yule kiumbe mdogo asiye na meno wala kucha za kutisha alikuwa na jiwe mkononi.

Inafaa kueleza sababu ya taabu hiyo, maana mtu wa mjini, ambaye mafuta huyanunua katika chupa, aweza kudhani ilikuwa ni njaa tupu isiyochagua. Uloto wa mifupa mirefu ya mnyama mzima, sehemu yake kubwa ni mafuta, na mafuta ndiyo kitu adimu katika mbuga. Nyama nyekundu ya mnyama aliyekonda, hata iliwe kwa wingi namna gani, haimtoshi binadamu kwa muda mrefu, kwani mwili haustahimili kuendeshwa kwa minofu mikavu peke yake. Na katika mnyama anayekonda mafuta huondoka kwa taratibu maalumu: hutangulia ya chini ya ngozi, hufuata yanayozunguka figo, na yaliyomo ndani ya mifupa huwa ya mwisho kuguswa, na katika mifupa yenyewe, ile ya chini ya miguu, karibu na kwato, ndiyo iwekayo akiba mpaka siku za mwisho. Kwa hiyo katika kiangazi kikali, nyasi zikiwa zimekuwa vumbi na swala wamebaki mbavu, mfupa wa mguu ni ghala ambayo mwenyewe mnyama hajaifungua.

Tukitoka Oldupai na kurudi kusini mpaka kando ya Eyasi, tunafika katika pango la Mumba, ambalo Mjerumani Ludwig Kohl-Larsen na mkewe Margit walilichimba katika miaka ya 1930, na ambalo Michael Mehlman alilirudia kwa uangalifu zaidi mwaka 1977 na 1981. Tabaka za pango hilo hushuka hata kupita miaka 100,000, na mwenye kuzisoma kutoka chini kwenda juu huona mawe yakipungua ukubwa na kuongezeka ufundi, huona shanga zilizochongwa kwa maganda ya mayai ya mbuni, na karibu na juu, katika zama za takriban miaka 5,000 iliyopita, huona kitu ambacho kwa msomaji wa historia ya supu kina thamani kuliko shanga zote: vigae vya vyungu, vya namna iitwayo Kansyore kwa jina la kisiwa katika Mto Kagera.

Nasema kina thamani kwa sababu jiwe lina mpaka wake. Jiwe hufungua mfupa mrefu na kutoa uloto uliokaa kama katika mrija, lakini mafuta mengine ya mnyama hayakukaa hivyo. Yamejificha katika vichwa vya mifupa, penye maungio, na katika pingili za uti wa mgongo, ambamo mfupa ni kama sifongo yenye matundu madogo yasiyohesabika, na humo hakuna kidole wala kijiti kinachoweza kuyafuata. Yahitaji maji, na moto, na chombo kitakachoviweka viwili hivyo pamoja pasipo kugombana. Chungu kilipofika ndipo mfupa ulipoweza kutoa mafuta yake yote, na zaidi ya mafuta, ile gundi ya kano na gegedu ambayo moto wa taratibu huiyeyusha, na ambayo mchuzi ukipoa huufanya ugande na kutikisika katika bakuli. Tangu siku hiyo neno supu lingeweza kutamkwa, kama lingekuwapo.

Wahadzabe, ambao majirani zao waliwaita kwa muda mrefu Watindiga, na ambao lugha yao yenye midoko haijaonekana kuwa na undugu na lugha nyingine yoyote, ndio walioishi katika bonde hili kabla ya wote tuwaonao leo, na kwao mfupa haujapungukiwa heshima hata siku moja. Mwaka 1958 James Woodburn alianza kukaa nao na kuandika mwenendo wao. Na katika miaka ya 1980 James O'Connell, Kristen Hawkes na Nicholas Blurton Jones walifuatana na wawindaji wao kando ya Eyasi, wakihesabu kila mfupa uliobebwa na kila mfupa ulioachwa porini, kwa kusudi la kupata ufunguo wa kuisomea mifupa ya kale. Waliyoyaona yangeweza kuelezwa na mama yangu wa Baray pasipo hesabu. Mnyama akianguka mbali, wawindaji humchuna palepale, huvunja mifupa kadhaa ya miguu na kula uloto wakiwa wamesimama au wameketi kivulini, kama malipo ya mguu na subira; kisha hubeba kambini nyama pamoja na mifupa ile ambayo jiwe peke yake haliimalizi, pingili za mgongo na vichwa vya maungio, na huko hupasuliwa vipande vidogo na kutokoswa katika chungu mpaka mafuta yapande juu ya maji.

Hapo pana jambo lililonigusa kuliko mengine. Kuna nyama kwa Wahadzabe iitwayo epeme, sehemu maalumu za mnyama mkubwa, ambayo huliwa na wanaume waliokwisha kuingizwa katika siri yake tu, faraghani, na mwanamke au mtoto hana ruhusa hata ya kuwatazama wakila. Nyama iliyobaki hugawanywa kambini kwa watu wote. Basi mnyama mmoja ana mafungu yake: la siri, la wazi, na la chungu, na hilo la chungu ndilo linalokawia kwisha, kwani fungu la siri huliwa likaisha, fungu la wazi huchomwa usiku uleule, lakini mifupa yaweza kuchemshwa tena kesho, na mtoto aliyekosa minofu kwa usingizi huamka akakuta kikombe cha mchuzi.

Wageni wanaokuja siku hizi kuwatazama Wahadzabe, wakiteremka kwa magari kutoka hoteli za Karatu kabla ya jua, hupenda kuona upinde ukivutwa na moto ukipekechwa kwa viganja. Aghalabu huonja kipande cha ndege au cha nyani kilichochomwa juu ya makaa, hupiga picha, hununua bangili, na kabla ya saa tano za mchana wamekwisha kupanda mlima kurudi walikotoka. Hawana lawama, wala wenyeji wao hawana. Lakini hunisikitisha kwamba wanaondoka saa ileile ambayo yafaa kuketi. Kuchoma nyama ni jambo la dakika chache. Chungu chahitaji alasiri nzima, na mazungumzo ya alasiri nzima, na hicho ndicho kitu ambacho safari ya kulipia haiwezi kukingoja.

Chumvi nayo ina historia yake hapa, na ingeweza kujaza kitabu. Maji ya Eyasi ni ya magadi, na yanapokauka huacha ukoko mweupe ambao watu wa mbali waliutamani kwa vizazi vingi. Wasukuma walikuwa wakija kwa misafara kutoka nchi yao ya kusini ya Ziwa Viktoria, wakivuka nyika isiyo na maji ya kuaminika, ili kuichukua chumvi ya hapa na kurudi nayo mizigo kwa mizigo, hata jarida la Tanganyika Notes and Records likaiandikia makala misafara hiyo mwaka 1938. Wadatoga, ambao katika karne ya 19 walisukumwa na Wamaasai kutoka Ngorongoro, walileta ng'ombe wao na uhunzi wao katika nyika ya Eyasi, na kwa mabadilishano yao na ya majirani wengine wawindaji walipata chuma na vyombo, wao wakitoa asali na nyama. Wambulu, ambao kwa lugha yao hujiita Wairaqw, walishuka na kuenea kutoka milima ya Mbulu hasa katika karne ya 20, wakija na mahindi, maharage na jembe. Na hivyo chungu cha mifupa kikazungukwa, pole pole, na watu wanne wasiosikilizana lugha, kila mmoja akiwa ameshika kitu ambacho mwingine hana.

Nguruwe wa kufugwa ndiye aliyekuja mwisho. Ngiri alikuwapo tangu azali, na mishale ya Wahadzabe yamjua. Lakini nguruwe wa zizini aliletwa na Wazungu, wamisionari na walowezi, katika zama zile ambazo Wajerumani walipanda kahawa kwenye miteremko ya Oldeani, na akapata makazi kwa familia za Kikristo za nyanda za juu, ambazo humlisha pumba na mabaki ya shamba mwaka mzima kwa ajili ya ada za shule na kwa ajili ya Desemba. Huko Ulaya alikotoka, paja lake hutiwa chumvi, hukaushwa kwa moshi, na huwekwa kwa ajili ya siku kuu. Na siku kuu ikiisha, mfupa hutupwa katika chungu cha kunde kavu au maharage. Wamarekani wana supu ya maharage meupe na kifundo cha nguruwe ambayo imekuwa ikiandaliwa kila siku katika chumba cha kulia cha Baraza lao la Seneti tangu mwanzo wa karne ya 20. Baray hakuna moshi wa kukaushia wala haja yake, kwa kuwa mnyama akichinjwa tarehe 24 hafiki tarehe 26 isipokuwa mifupa; lakini maharage yapo, na mbaazi za Karatu zipo, na mfupa haukuulizwa ulitoka katika paja lililokaushwa ama bichi.

Wala si wavivu wa fikra hao wa Ulaya katika jambo hili. Mfaransa Denis Papin, aliyefanya kazi London pamoja na wanachuoni wa Royal Society, alitengeneza mwaka 1679 chungu cha chuma chenye mfuniko uliokazwa kiasi cha kuuzuia mvuke usitoke, na mwaka 1681 akatoa kitabu cha kukieleza. Na kusudi lake, alilolitaja waziwazi, lilikuwa kuilainisha mifupa ili maskini wapate chakula katika kile kinachotupwa. Mwaka uliofuata aliwapikia wanachuoni wenzake chajio katika chungu hicho, na mifupa ya ng'ombe na ya kondoo ikalainika kama jibini. Kutokana na mvuke ule uliofungiwa, na kifuniko kile kilichotaka kuruka, yalizaliwa mawazo yaliyoisukuma mbele injini ya mvuke. Nimelileta jambo hili si kwa kuupamba mfupa kwa utukufu wa watu wengine, bali kwa kuwa nia ya Papin ilikuwa sawa kabisa na nia ya mwanamke wa Kihadzabe anayezipasua pingili za mgongo kando ya Eyasi: kukipata kilichomo ndani.

Hata hivyo si kila mfupa huruhusiwa kuvunjwa, na mipaka hiyo nayo ni sehemu ya historia. Wana wa Israeli waliamriwa wasivunje mfupa wa mwana-kondoo wa Pasaka. Waislamu wa pwani, wafuatao madhehebu ya Imamu Shafii, wanapomchinjia mtoto akika hupendelea mifupa isivunjwe bali itengwe katika maungio yake, kwa kumtakia mtoto afya ya viungo. Na nyama ya nguruwe yenyewe, kama ijulikanavyo na kila mmoja, kwao ni haramu, uloto na mchuzi pamoja. Katika bonde la Eyasi, ambamo kilimo cha umwagiliaji kimewakusanya watu wa makabila mengi na wa dini zote mbili, mambo hayo si ya vitabuni. Ni ya kila jiko, na kila mama huyachukulia tahadhari yake, kama nilivyoona kwa macho yangu asubuhi ile na nitakavyoeleza punde.

Lakini kwanza kitunguu, kwa sababu bila kitunguu supu ya Baray isingekuwa ya Baray. Mvua inayonyesha juu ya Oldeani na nyanda za Ngorongoro huzama ardhini na kutembea chini kwa chini mpaka ikatokea tena bondeni katika chemchemi, kubwa miongoni mwake ikiwa ile ya Qang'dend, safi na isiyokauka, katikati ya nchi ambayo yenyewe hupata mvua haba. Katika nusu ya pili ya karne ya 20 watu walizitolea chemchemi hizo mifereji, wakapanda vitunguu, na vitunguu vikaitikia kwa namna ambayo hakuna aliyeitazamia. Hata leo Mang'ola, kama bonde hili liitwavyo, ni jina la soko na ni jina la mbegu, maana wako wakulima katika mikoa mingine wanaopanda kitunguu chekundu kiitwacho Mang'ola Red wasiolijua bonde lenyewe. Malori huvipeleka Arusha, Dar es Salaam na Nairobi. Msimu ukiwa umeiva harufu yake hukutangulia njiani kabla hujaona nyumba, na magunia yaliyorundikwa kandokando ya barabara hung'aa kwa rangi ya zambarau jua linapokuwa upande wa ziwa.

Asubuhi ile mama alitwaa vitunguu vitatu vya namna hiyo. Mfupa uliokwisha kuvunjwa aliusuuza kwa maji ya baridi, akaondoa vijipande vikali ambavyo vingeweza kumkwama mtoto, kisha akautia katika sufuria pamoja na kwato mbili na kipande cha uti wa mgongo, akafunika kwa maji ya baridi, wala si ya moto, kwa kuwa, alivyonieleza, mfupa ukiingia katika maji ya moto hufunga mlango. Moto aliuweka mdogo, kuni mbili za mgunga zilizoegemeana. Povu la kijivu lilipopanda aliliengua kwa upawa, mara ya kwanza, mara ya pili, mara ya tatu, mpaka maji yakawa safi ya rangi ya chai dhaifu. Ndipo akatia kitunguu kimoja kizima na ganda lake la ndani, ili kitoe rangi, na vingine viwili akaviweka kando vya kukatia mwishoni. Mbaazi zilikuwa zimelowekwa tangu usiku wa sikukuu yenyewe, wakati sisi wengine tulipokuwa tukiimba. Chumvi hakutia. Nilipomkumbusha alisema chumvi ni ya watu, si ya chungu, na itatiwa watu wakikaribia.

Saa zilikwenda. Jua lilipofika juu ya mti wa uani, mafuta yalikuwa yamejikusanya katika macho madogo ya dhahabu yanayokutana na kuachana juu ya mchuzi, na mama, kwa mwiko, alikuwa akiyatenganisha na kuyaunganisha kana kwamba ayahesabu. Watoto waliamka mmoja mmoja, kila mmoja akija mpaka kwenye mlango wa jiko na kusimama pasipo kusema, na kila mmoja akarudishwa kwenda kunawa uso. Mzee wa nyumba alikuja na kigoda chake. Mbaazi ziliingia, zikavimba, zikapasuka ngozi; kitunguu kilichokatwa kikafuata, na pilipili kichaa moja iliyoachwa nzima ili isitawale; na chumvi, hatimaye, kidogo kidogo, na kila mara akionja kiganjani.

Ndipo nilipoiona sufuria nyingine. Ilikuwa ndogo, imesimama juu ya makaa yake yenyewe mbali na mafiga, karibu na ukuta, na upawa wake wa peke yake ukiwa umefunikwa kwa sahani. Ndani yake mlikuwa na mifupa ya mbuzi, mbavu na magoti, na nusu ya kitunguu. Mbuzi huyo alichinjwa na jirani Mwislamu asubuhi ya Krismasi, kwa mkono wake mwenyewe na kwa bismillahi, hapohapo uani, ili sikukuu iwe na sahani ambayo yeye na watu wake wangeweza kuketi kuila. Na mifupa yake ilikusanywa jioni katika chombo ambacho hakijagusa nguruwe, ikawekwa pahala pake. Katika Idi el-Hajj iliyotangulia, mama aliniambia, mifupa ilitoka upande ule kuja upande huu.

Alijaza bakuli za wa nyumbani kwanza, mzee akiwa wa mbele na mgeni wa pili, na vikombe vya bati vya watoto baadaye, kila kimoja kikipata kipande cha mfupa chenye kitu cha kunyonya. Kisha alinawa mikono kwa sabuni mpaka kwenye viwiko, akaifunika sufuria ndogo kwa sahani safi, akaifunga kwa kitambaa cha kanga, na kumpa binti yake mkubwa, akimwambia apite njia ya mfereji asije akamwaga kwenye matuta.

Binti alipokwisha kupita kona ya uzio, mama alirudi kwenye sufuria kubwa, akaichungulia. Mifupa ilikuwa imelala chini, imekuwa myeupe, vichwa vya maungio vimekuwa laini kiasi cha kubonyea kwa mwiko. Alichota maji ya baridi katika ndoo, akaongeza mara ya pili, akasogeza kuni.